Hataza si msahafu: funzo la gunia la maharage ya njano

Mfanyabiashara anayenunua maharage Gatete na kuyashusha Rumonge ili yavuke ziwa ana mambo mengi ya kumkosesha usingizi. Anaogopa unyevu ndani ya gunia, mizani isiyo ya haki, bei ya mafuta ya boti, faranga inayoyumba, na karatasi atakazoulizwa akifika Kigoma au Baraka. Hategemei kabisa kwamba siku moja mtu atamsimamisha bandarini na kumwambia: "Rangi ya maharage yako ni mali ya kampuni yangu. Nilipe kwanza, ndipo uuze."

Wafanyabiashara wenzake kwenye mpaka wa Mexico na Marekani waliambiwa hivyo, na aliyewaambia alikuwa na karatasi halali mkononi. Ilichukua takriban miaka kumi kuthibitisha kwamba karatasi ile haikustahili kutolewa.

Tunaieleza habari hiyo leo kwa sababu neno "hataza" limeanza kutajwa sana katika biashara ya mipakani. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kutengeneza, kuuza au kuingiza nchini kitu alichokivumbua, kwa kawaida kwa miaka 20. Anayeuza mbegu, mashine ya kukamua mawese, taa ya kuvulia ndagala au dawa ya kuhifadhia nafaka anaweza kukuambia ana hataza, akitaka umlipe ada au ununue hisa zake. Msimamo wa gazeti hili ni kwamba hataza ni dai lililokubaliwa kwa muda, na dai hilo linaweza kupimwa tena na kuanguka. Lakini hadi lianguke linauma, na wanaoumia kwanza ni wafanyabiashara wadogo na watu walioweka akiba zao ndani ya kampuni.

Mwaka 1994 Mmarekani mmoja, Larry Proctor, mwenye kampuni ya mbegu iitwayo POD-NERS katika jimbo la Colorado, alinunua maharage Mexico. Ndani yake kulikuwa na ya njano. Akayapanda, akachagua yaliyotoka na njano aliyoipenda, akarudia kwa misimu michache, akayapa jina Enola. Novemba 1996 aliomba hataza, na Aprili 1999 Ofisi ya Hataza ya Marekani ikampa, kwa namba 5,894,079. Madai yaliyoandikwa ndani yake yalikuwa mapana: hayakuishia kwenye mbegu aliyoichagua yeye, bali yaligusa maharage yenye njano ya kiwango fulani kilichopimwa kwa kitabu cha rangi.

Mwaka huohuo alifungua kesi dhidi ya kampuni mbili zilizokuwa zikiingiza maharage ya njano kutoka Mexico. Alitaka senti 6 za dola kwa kila ratili iliyoingia. Kwa hesabu yetu ya magunia, hiyo ni kama dola 13 kwa gunia la kilo 100. Anayejua faida inayobaki kwenye gunia baada ya usafiri na ushuru hahitaji kuelezwa dola 13 zina maana gani. Mizigo ilianza kukaguliwa mpakani, waagizaji wakapunguza oda, na wakulima wa kaskazini mwa Mexico wakakosa soko la zao ambalo babu zao walikuwa wakilipanda na kulila. Novemba 2001 Proctor alizishtaki tena kampuni ndogo 16 na wakulima wa Marekani kwenyewe.

Aliyesimama kumpinga hakuwa mfanyabiashara. Alikuwa CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo kilicho karibu na mji wa Cali, Colombia. Watafiti wetu wanakifahamu vizuri kwa sababu ndicho kinachofanya kazi na taasisi za maharage za Afrika kupitia muungano wa PABRA. Desemba 2000 CIAT iliiomba Ofisi ya Hataza ya Marekani iichunguze upya hataza ile. Ushahidi wake ulikuwa ghalani: katika hifadhi yake ya mbegu kulikuwa na sampuli zipatazo 260 za maharage ya njano, na 6 kati yake, kwa maelezo ya CIAT, zilikuwa sawa kabisa na kile Proctor alichodai amekivumbua. Mwaka 2004 utafiti wa vinasaba nao ulionyesha kwamba Enola haikutofautiana na maharage ya njano yaliyokuwa yakilimwa Mexico tangu zamani.

Hapa inafaa kueleza uchunguzi upya unavyofanya kazi, maana wengi huuchanganya na kesi ya mahakamani. Kila hataza huwa na orodha ya madai mwishoni mwake. Maelezo marefu na michoro ni utangulizi tu. Mpaka wa mali umechorwa na madai hayo, kama vile mpaka wa shamba unavyochorwa na mawe na si hadithi ya jinsi lilivyonunuliwa. Mtu anapoomba uchunguzi upya huko Marekani, huipelekea ofisi ushahidi kwamba kitu kile kilikwisha kujulikana: hataza ya zamani, kitabu, jarida, maelezo yaliyochapishwa. Ofisi ikiona kuna swali jipya la msingi, hufungua tena faili na kuyapima madai moja moja.

Mwisho wake huwa wa aina tatu. Dai linaweza kuthibitishwa, na hapo mwenye hataza hutoka na nguvu kuliko alivyoingia, kwa sababu sasa limepita kwenye moto mara mbili. Dai linaweza kufutwa. Au linaweza kubaki baada ya kupunguzwa: mwenye hataza huruhusiwa kuyaandika upya maneno yake yawe membamba, ila haruhusiwi kuyapanua. Aina hii ya tatu ndiyo inayowapita wengi. Kampuni inaweza kutangaza kwamba hataza yake "imepona", kumbe dai lililobaki halifiki kwenye bidhaa ya mshindani wake hata kidogo. Karatasi ipo, namba ni ileile, lakini shamba limebaki ukubwa wa tuta.

Katika kesi ya Enola, mwenye hataza alianza na madai 15, na uchunguzi ulipoendelea akaongeza mengine 43. Wachunguzi waliyakataa, akakata rufaa. Bodi ya rufaa ya ofisi hiyo ikayakataa Aprili 2008. Akaenda mahakamani, na Julai 2009 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikamaliza ubishi: kuyachukua maharage ya njano yaliyokuwapo na kuyachagua kwa njia inayojulikana na kila mtaalamu wa mbegu hakukuwa uvumbuzi.

Haki ilipatikana, lakini tuihesabu kalenda. Kutoka kutolewa kwa hataza hadi hukumu ya mwisho ni miaka kumi na ushei. Ombi la CIAT peke yake lilichukua zaidi ya miaka minane. Muda wote huo hataza ilikuwa hai. Ombi la uchunguzi upya haliizimi hati; linaitia shaka tu. Mkulima aliyekosa soko mwaka 2000 hakulipata soko la mwaka 2000 kwa sababu ya hukumu ya mwaka 2009.

Hata kampuni kubwa zimewahi kunaswa na kalenda hiyo. Mwaka 2006 kampuni ya Canada iliyokuwa ikitengeneza simu za BlackBerry iliilipa kampuni ya NTP dola milioni 612.5 ili kumaliza kesi ya hataza. Wakati ikilipa, Ofisi ya Hataza ya Marekani ilikuwa imekwisha kuyakataa madai ya NTP katika hatua za uchunguzi upya ambazo hazikuwa za mwisho. Jaji hakutaka kusubiri, wateja walikuwa wakiogopa simu kuzimwa, na wawekezaji wa kampuni hiyo hawakuweza kuvumilia tena. Kampuni ile ilinunua muda. Mfanyabiashara wa Gatete hana dola milioni 612 za kununulia muda. Ana mtaji wa magunia 40 na mkopo wa kikundi.

Tuje sasa kwa mwekezaji. Kwa mfano wake hatuna haja ya kwenda mbali kuliko Ethiopia. Teff ni nafaka ambayo Waethiopia wameila kama injera kwa karne nyingi. Mwaka 2005 taasisi za serikali ya Ethiopia ziliingia mkataba na kampuni ya Uholanzi iitwayo HPFI: kampuni ingetumia aina za teff za Ethiopia, nayo nchi ingepata mgawo wa faida. Mkataba ulisifiwa kama mfano wa kuigwa duniani. Mwaka 2007 kampuni hiyo ikapata hataza ya Ulaya juu ya unga wa teff na namna ya kuusindika. Mwaka 2009 ikafilisika. Kwa miaka yote ya mkataba, Ethiopia ilipata euro 4,000.

Hataza haikuzikwa na kampuni. Ilihamia kwa kampuni nyingine yenye uhusiano na wakurugenzi wa ile ya kwanza, na ikatumika kudai haki dhidi ya kampuni ya Uholanzi ya viungo vya mikate, Bakels. Bakels haikukubali kulipa. Ilihoji uhalali wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2018 mahakama ya The Hague iliamua kwamba hataza hiyo, kwa upande wa Uholanzi, haikuwa na uvumbuzi ndani yake na ni batili. Mlango uliotumika hapa ulikuwa mahakama na si uchunguzi upya wa ofisi, lakini swali lilikuwa moja: je, hiki kilikuwa kipya?

Fikiria aliyeweka fedha kwenye kampuni ya namna hii kwa sababu tu aliambiwa ina hataza. Hataza ilikuwapo kweli, na kampuni ikafilisika hivyohivyo. Kisha hataza ikaenda kwa wengine, na mwisho ikafutwa. Hati hiyo haikumlinda mwekezaji katika hatua yoyote, wala haikuilinda nchi iliyotoa mbegu. Hataza haiuzi mkate. Inampa mwenyewe haki ya kuwazuia wengine, na haki hiyo ina thamani pale tu kitu kinapouzika, dai linapokuwa imara, na mwenyewe anapokuwa na fedha za kulitetea.

Ombi la uchunguzi upya linapotangazwa, mambo hubadilika ndani ya kampuni kabla ya uamuzi wowote. Waliokuwa wakilipa ada huanza kuchelewesha, wakisubiri kuona. Mshindani aliyekuwa akijadiliana huondoka mezani. Mahakama inaweza kusimamisha kesi ya madai hadi ofisi iseme. Benki iliyoihesabu hataza kama dhamana huomba dhamana nyingine. Fedha iliyokuwa ya kununulia mashine huenda kwa mawakili. Mkurugenzi mwaminifu huwaambia wanahisa mambo haya mapema. Asiye mwaminifu huendelea kuuza hisa kwa jina la hati inayotikisika.

Hatusemi haya ili kuwakatisha tamaa wavumbuzi. Fundi wa Rumonge atakayebuni namna mpya ya kukamua mawese kwa kuni chache anastahili ulinzi, na bila ulinzi huo mwenye karakana kubwa atamwigiza kabla ya mwaka kuisha. Kenya imeuona ugumu wa upande huo pia. Kampuni ya Sanitam ya Nairobi ilipewa na shirika la ARIPO hataza namba AP 773 ya pipa la taka linalofunguliwa kwa mguu, ikajikuta kwa miaka mingi mahakamani na washindani, ikiwamo Rentokil, huku uhalali wa hataza yenyewe ukiwa sehemu ya mabishano. Mvumbuzi mwenye haki huumizwa na ucheleweshaji sawa na mfanyabiashara anayedaiwa bila haki. Wote wawili wanahitaji kitu kimoja: jibu la haraka, la bei nafuu, na linaloaminika.

Jibu hilo halipo katika eneo letu. Hataza ni mali ya nchi ilikosajiliwa. Haivuki mpaka kama gunia linavyovuka. Hati ya Marekani haina nguvu kwenye boti inayotoka Rumonge kwenda Kigoma, ingawa ina nguvu siku maharage hayo yatakapofika bandari ya Marekani. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ni wanachama wa ARIPO, shirika lenye makao Harare, ambalo kwa ombi moja linaweza kutoa hataza inayofanya kazi katika nchi kadhaa. Burundi haimo, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haimo. Burundi ina sheria yake ya mali ya viwanda ya Julai 2009 na usajili wake. Kwa hiyo bidhaa moja inaweza kuwa na mwenyewe Kigoma, isiwe na mwenyewe Rumonge, na mchuuzi anayevuka kati ya miji hiyo asijue.

Kuna kasoro nyingine kubwa zaidi. Hataza ya ARIPO hutolewa mara moja kwa nchi nyingi, lakini kuifuta hufuata sheria na vyombo vya kila nchi. Anayedai hupanda ngazi moja. Anayepinga hupanda ngazi nne. Mwenye kampuni kubwa anaweza kumudu mpango huo. Kikundi cha wauza nafaka hakiwezi.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama katika kifungu chake cha 43 zishirikiane katika haki za mali ya ubunifu. Burundi ilikuwa mwanachama tayari. Kongo ikaingia mwaka 2022. Msingi wa kisheria upo. Tunaitaka Jumuiya iutumie kwa mambo matatu.

Kwanza, iweke daftari moja la wazi la hataza zinazotumika katika kila nchi mwanachama, linaloweza kusomwa kwa simu, kwa Kiswahili, likionyesha madai yenyewe, mwenye nayo, na kama ada za kila mwaka zimelipwa. Hataza ambayo ada yake haikulipwa hufa, lakini mchuuzi asiye na daftari ataendelea kutishwa na maiti.

Pili, iweke utaratibu wa uchunguzi upya ambao mtu yeyote, hata chama cha wafanyabiashara wadogo, anaweza kuufungua kwa ada ndogo, wenye muda wa mwisho unaojulikana, na ambao matokeo yake yatatambuliwa na nchi zote za Jumuiya. Marekani yenyewe ilijifunza kwamba njia yake ya zamani ilikuwa ndefu mno: tangu Septemba 2012 imeongeza utaratibu mwingine wa kupinga hataza ambao, ukishafunguliwa, unatakiwa kwa kawaida kumalizika ndani ya mwaka mmoja.

Tatu, na hili ni la nyumbani zaidi, taasisi za kilimo zichapishe wanachokijua wakulima wetu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mexico iliokolewa na mbegu zilizokuwa na lebo, tarehe na maelezo katika ghala la Colombia. ISABU ya Burundi, TARI ya Tanzania, INERA ya Kongo na wenzao wana mbegu na wana wataalamu. Aina za maharage, michikichi na mihogo ya kandokando ya ziwa hili ziandikwe, zipigwe picha, zielezwe rangi na matumizi yake, na maelezo hayo yachapishwe hadharani yenye tarehe. Kinachojulikana na bibi wa Gatete lakini hakijaandikwa popote hakitamsaidia siku mchunguzi wa Harare au Washington atakapouliza ushahidi uko wapi.

Wakati tukisubiri serikali, msomaji wetu ana ya kufanya wiki hii. Mtu akikutaka umlipe kwa sababu ana hataza, mwombe namba, nchi iliyoitoa, na nakala ya ukurasa wa madai. Usilipe kwa kuonyeshwa muhuri. Msomee mtu anayeelewa madai hayo na uulize kama kweli yanaigusa bidhaa yako. Uliza kama ada ya mwaka huu imelipwa. Na kama kitu hicho ulikuwa unakiuza kabla ya tarehe ya ombi lake, tafuta risiti zako za zamani, kwa kuwa zinaweza kuwa ushahidi pale sheria ya nchi inapokubali.

Mtu akikutaka uweke akiba yako kwenye kampuni yake, ongeza maswali mawili. Je, kuna yeyote aliyeipinga hataza hii, na shauri limefika wapi? Na je, hati hii ikifutwa kesho, kampuni itabaki na nini cha kuuza? Akijibu kwa majina ya wateja, kwa mashine zilizopo na kwa hesabu za mauzo, endelea kumsikiliza. Akirudi tena kwenye karatasi ile ile, funga mkoba wako urudi sokoni.

Viongozi wa Jumuiya hukutana Arusha kila mara kuzungumzia ushuru na vizuizi vya mizani. Hataza isiyopimwa ni kizuizi cha aina hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba haionekani barabarani, na anayekutana nayo hukutana nayo akiwa peke yake. Wasisubiri hadi boti moja ya Rumonge izuiwe ndipo waanze kutafuta kifungu cha 43.